Sindano ya Saa Sita Mchana

Baba yangu alikuwa mtu wa kupiga. Naliweka hilo mwanzoni ili nisije nikaonekana nalificha. Alimpiga mama kwa mkanda, kwa mpini wa jembe, kwa mnyororo wa baiskeli uliotundikwa nyuma ya mlango, na kama hapakuwa na kitu karibu alitumia ngumi. Sikio la kushoto la mama lilikufa mwaka aliozaliwa mdogo wangu. Kofi moja tu lilitosha. Mimi mwenyewe nina kovu juu ya jicho, la kigoda alichomrushia mama kikanipata mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Damu ilipofunika jicho nililia zaidi kwa woga kuliko kwa maumivu. Baba akaja akanibeba, akanipaka unga kuzuia damu. Halafu akarudi kumalizana na mama.

Kijiji chetu kilikuwa magharibi mwa Tabora, mwendo wa siku nzima kwa miguu, kando ya njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Babu aliipita njia hiyo na pembe ya ndovu begani. Baba, akiwa kijana, aliipita akiwabebea wazungu masanduku ya risasi walipokuwa wakipigana wao kwa wao. Tulikuwa Wakatoliki. Baba alikuwa na sauti nzito nzuri, na Jumapili aliimba kanisani mpaka watu wa mbele wakageuka kumtazama. Baada ya misa walimwamkia kwa heshima. Kila mtu alijua mambo ya nyumbani kwetu na hakuna aliyesema, maana nyumba nyingi pale zilikuwa hivyohivyo.

Nilipofika miaka kumi na sita masista walipita vijijini kutafuta wasichana wa kusomea uuguzi kwenye hospitali yao. Baba alikubali kwa sababu padri alimwomba mbele ya watu. Tulipofika nyumbani alimpiga mama, akidai kwamba ndiye aliyepanga. Asubuhi nikafunga magauni yangu mawili, mama akanisindikiza mpaka mtoni, akichechemea, na hapo akaniambia nisome sana na nisirudi upesi.

Hospitali ile haipo tena. Ilikuwa majengo manne ya matofali ya kuchoma, nje kidogo ya mji, yenye wodi mbili, chumba cha upasuaji na jiko la nje ambako ndugu wa wagonjwa walipika. Daktari alikuwa mmoja, mwanamke wa Kizungu, sista mrefu mwenye mikono mikubwa kama ya mwanamume, anayesema Kiswahili cha polepole na kisicho na makosa. Mwaka wangu wa tatu pale ndipo walipomleta baba.

Nilichotambua kwanza ni vitenge vya mama. Nilikuwa barazani naanika mashuka, nikaona wanaume wanne wamebeba machela ya miti na blanketi, na nyuma yao mwanamke aliyevaa vitenge ninavyovijua. Nikafikiri aliyebebwa ni mdogo wangu. Ndipo nikasikia sauti nzito, ikitukana watu wa machela na mama zao.

Baba mdogo, aliyekuwa mmoja wa wabebaji, ndiye aliyenieleza. Baba alikuwa amempiga mbogo kwa gobore, akamjeruhi begani tu, kisha akamfuata kwenye kichaka ingawa wenzake walimkataza. Mbogo alimjia kutoka ubavuni. Pembe iliingia pajani, ikamrusha juu, na alipoanguka mnyama akapiga magoti juu ya nyonga yake na kumkandamiza kwa paji la uso, akimsaga ardhini. Baba alimchoma kisu jichoni, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku wote wawili wakinguruma. Baba mdogo alisema hakuweza kutofautisha sauti ipi ni ya nani. Mwishowe yeye na wenzake walimwua mbogo kwa mikuki.

Kisha akaniambia jambo ambalo yeye mwenyewe hakulielewa. Walipomvuta baba kutoka chini ya mnyama, mguu wake wa kulia ulikuwa umegeuka, kisigino kimetazama mbele, na mfupa umetokeza. Baba akautazama, akasema hauumi. Akaomba tumbaku. Kwa muda wa kama saa nzima alikaa ameegemea mti, akiamuru nani achukue paja la mbogo na nani achukue mbavu. Halafu, walipokuwa wakimweka kwenye machela, maumivu yakaja yote kwa mkupuo. Akamng'ata baba mdogo mkononi akautoa mnofu. Baba mdogo alinionyesha jeraha lile, limefungwa kwa jani. Kutoka pale mpaka hospitali walilala njiani mara moja, na hakuna aliyepata usingizi.

Daktari hakumgusa mguu kwanza. Alimchoma sindano. Watu wawili walimshika mabega, mimi nikamshika mkono, na baba akanitemea mate usoni bila kujua mimi ni nani. Ilikuwa mofini. Nilikuwa nimekwisha kuwachoma wengine dawa hiyo, lakini nilikuwa sijawahi kuiona ikimwingia mtu ninayemjua.

Haikuja ghafla. Dakika tano za mwanzo aliendelea kutukana. Baadaye matusi yakaanza kuachana, kama mvua inayokatika. Taya likalegea. Ngumi zikafunguka, kidole kimoja kimoja. Mboni za macho zikasinyaa zikawa kama ncha za sindano. Baada ya kama dakika ishirini alikuwa akitazama boriti za paa kwa utulivu wa mtu aliyeshiba.

Nikamwamkia. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Hakuwahi kuniita hivyo. Nikamuuliza kama mguu bado unauma. Akafikiri kabla ya kujibu, jambo ambalo nalo halikuwa kawaida yake.

"Unauma," akasema. "Ila maumivu yenyewe yamekaa kule." Akaelekeza kidevu mlangoni. "Nayaona. Hayanihusu."

Siku ile walimsafisha kidonda, wakaunyoosha mguu, na kuufunga kwa kamba iliyopita kwenye gurudumu dogo na mfuko wa mchanga ukining'inia chini ya kitanda ili kuuvuta mfupa. Angekaa hivyo wiki nyingi. Kidonda kilitakiwa kufunguliwa na kuoshwa kila siku, na kila mara kabla ya kukiosha alichomwa sindano, na nyingine kadhaa mchana na usiku. Sista aliyesimamia wodi ile alikuwa mgonjwa wa homa, kwa hiyo daktari alinipa mimi ufunguo wa kabati la dawa kali.

Kabla ya kunipa alinikalisha chini. Nyuma ya karatasi ya joto la mgonjwa alinichorea mguu, uti wa mgongo na kichwa. Akasema maumivu yanasafiri kama habari kwenye waya wa simu unaofuata reli: yanatoka kwenye jeraha, yanafika mgongoni kama kwenye stesheni, yanapokelewa pale na kupelekwa mbele hadi kichwani. Mofini haiponyi jeraha wala haikati waya. Inakaa kwenye stesheni zile na kuifanya sauti iwe ndogo. Na kichwani inafanya jambo la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi: habari inafika, lakini anayeipokea haoni sababu ya kuhangaika nayo. Nikakumbuka kidevu cha baba kikielekeza mlangoni.

"Lakini dawa haichagui pa kukaa," daktari akaniambia. "Kichwani kuna mahali panapokumbuka kupumua wakati wewe umesahau. Inakaa na pale."

Akanipa kanuni zake. Nihesabu pumzi kwa dakika nzima, nikitazama saa, kabla ya kila sindano. Zikiwa chini ya kumi na mbili nisichome, nimwite. Nitazame mboni. Niulize habari za choo, kwa sababu dawa ile inalaza utumbo kama inavyolaza mtu. Nisichome kabla ya muda wake hata mgonjwa akilia. Akasema mofini ndiyo afyuni ambayo wafanyabiashara wa zamani walikuja nayo kutoka pwani, maziwa ya ua moja tu, ila yamesafishwa na kupimwa. Nilizijua habari za afyuni. Mjini palikuwa na mzee ambaye ilisemekana aliuza kila kitu kwa ajili yake mpaka milango ya nyumba.

Mama alibaki hospitali, akilala kwenye banda la ndugu na kumpikia baba uji. Wiki ya kwanza alimwogopa kama kawaida. Aliweka bakuli mezani na kurudi nyuma hatua mbili. Lakini baba wa hospitali alikuwa mtu mwingine. Alimwita mama akae karibu. Alimuuliza kuhusu kijiji alichozaliwa huko Kaliua, na kama kweli alipokuwa mtoto aliwahi kupotea msituni siku mbili. Kumbe mama aliwahi kupotea msituni. Mimi sikujua. Siku moja nilikuwa nakunja bandeji nikamsikia akimuuliza mama kama sikio lile linamsumbua.

Mama akatoka nje. Nilimkuta nyuma ya jiko ameinama, analia kwa hasira, akijipiga mapaja.

"Yule ni nani?" akaniuliza. "Miaka ishirini na miwili. Yule alikuwa wapi?"

Baada ya siku chache akaniuliza kama ile dawa inaweza kufungwa kwenye karatasi, wakaenda nayo nyumbani. Nikamweleza nilivyofundishwa: mwili unaizoea, kesho unadai zaidi ya leo, na ukiunyima unakuadhibu. Alinisikiliza, sikio zima akiwa ameligeuzia kwangu. Akasema mwili wake nao ulizoeshwa mambo mengi.

Wiki ya tano daktari akaanza kupunguza. Mfupa ulikuwa umeanza kushika na kidonda kilikuwa chekundu safi, hivyo sindano nyingine ziliondolewa zikabaki mbili, ya asubuhi na ya saa nane, nazo zikapunguzwa kiasi. Baba alirudi kidogokidogo, kama mtu anayetoka majini. Asubuhi, baada ya sindano, alikuwa yule mpole. Kadiri saa zilivyosogea sauti ilizidi kuwa nzito. Akaanza kumtuma mama na kumfokea kwa uji kupoa. Alimtupia mtumishi wa wodi sahani. Mguu ulikuwa umefungwa lakini mikono ilikuwa huru, na mikono ndiyo iliyokuwa shida tangu mwanzo.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya jua kali, karibu saa sita mchana. Sindano yake ya pili ilikuwa ya saa nane. Nilikuwa upande wa pili wa wodi nikimlisha mgonjwa mwingine. Mama alimwinamia baba na kijiko cha uji. Sikusikia alichosema baba. Niliona kijiko kimeruka, halafu nikaona baba ameukamata mkono wa mama, ametenga kidole cha kati, na anakipinda kurudi nyuma, polepole, akimtazama usoni. Mama hakupiga kelele. Alifanya nilivyomwona akifanya maisha yangu yote: alilegea, akayatupa macho yake mbali, akangoja. Kidole kilivunjika kwa sauti kama kijiti kikavu. Wodi nzima ilisikia.

Baba akamwachia, akaniita. Akasema mguu unamuuma na nimletee dawa.

Nilimpeleka mama barazani nikamfunga kidole kwenye kipande cha ubao. Aliniambia hakikuuma sana. Alisema baada ya mapigo ya kwanza huwa hasikii tena, na kwamba imekuwa hivyo siku zote, la sivyo asingekuwa hai. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimekwisha kuwa muuguzi mkuu, nilisoma kwamba mwili wenyewe hutengeneza dawa yake ya namna ya mofini, na huimwaga mtu anaposhambuliwa, na dawa hiyo hukaa palepale mofini inapokaa. Nilielewa basi kwa nini baba aliomba tumbaku mfupa ukiwa nje. Na nilielewa ni nini kilichomweka mama hai. Lakini siku ile sikujua hayo. Nilijua tu kwamba nina ufunguo mfukoni.

Nilifungua kabati. Sikuhesabu pumzi. Nilitoa vichupa viwili badala ya kimoja, nikavivuta vyote kwenye bomba. Nikarudi kwa baba. Alinyoosha mkono mwenyewe, kwa furaha, kama mtoto anayepewa muwa. Nikamchoma.

Mama alikuja akasimama nyuma yangu na mkono wake uliofungwa. Tukamtazama akilegea. Alipita ule upole tunaoujua, akaendelea kushuka. Kinywa kilifunguka. Nikamwita, hakuitika. Nikamfinya sikio kwa nguvu, akanung'unika kwa mbali. Nikashika saa yangu ndogo iliyobandikwa kifuani na kuanza kuhesabu kifua chake kikipanda. Zilikuwa nane. Dakika iliyofuata zilikuwa sita. Kati ya pumzi na pumzi palikuwa na ukimya mrefu, halafu koromeo likakoroma na hewa ikaingia kama inayoburuzwa. Midomo ilianza kuwa na rangi ya majivu.

Nilijua la kufanya. Nilitakiwa kupiga mbio kwenye nyumba ya daktari, hatua kama sitini. Niligeuka niondoke.

"Mwanangu," mama akasema. "Kaa."

Hakunishika. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemkaribisha mgeni kigoda. Nami nikakaa. Nimesimulia habari hii mara chache katika maisha yangu, na kila mara nilitamani kufupisha sehemu hii, lakini ilikuwa hivyo. Nilikaa pembeni ya kitanda cha baba yangu, nikaitazama saa, na dakika tatu zikapita. Ya kwanza pumzi zilikuwa tano. Ya pili zilikuwa tano. Nilifikiria mnyororo wa baiskeli. Nilifikiria pia ule unga alionipaka usoni. Nilisali, lakini sikusema namwomba Mungu nini. Dakika ya tatu sauti ile ya koromeo ilikuja tena, na mwili wangu ukasimama wenyewe. Siwezi kusema ni huruma. Sauti ile sikuweza kuivumilia, basi. Nikakimbia.

Daktari aliacha chakula mezani. Alipomwona baba hakuuliza kitu. Alipanda kitandani kwa magoti na viatu vyake, akaishika mikono ya baba, akaivuta juu ya kichwa na kuirudisha kifuani akikandamiza, kuvuta na kukandamiza, hewa ikiingia na kutoka kwa nguvu zake. Akaniamuru nilete kisanduku cha kadibodi kwenye rafu ya juu. Kilikuwa kimefika mwaka ule kutoka Ulaya, kina vichupa sita, na hatukuwahi kukifungua. Alinieleza baadaye kwamba dawa iliyomo ina umbo linalofanana na mofini kiasi cha kuweza kukaa kwenye kiti chake, ila haifanyi kazi yake. Inaisukuma mofini kando na kukaa yenyewe. Aliichoma kwenye mshipa.

Sikuwahi kuona kitu kama hicho na sitaki kukiona tena. Haikupita hata dakika mbili. Baba alivuta pumzi moja ndefu kama mtu aliyeibuka kutoka kisimani. Akavuta nyingine. Rangi ikarudi midomoni. Mboni zikapanuka mbele ya macho yangu. Halafu maumivu yote ya mguu ule yakamfikia kwa pamoja, yale ya siku ile na yale ya wiki tano zilizopita, maana stesheni zote zilifunguliwa kwa wakati mmoja.

Alipiga ukelele ambao uliwafanya wagonjwa wanaoweza kutembea watoke nje. Akainuka kiunoni, akakamata kamba ya mguu na kuikata kwa kuivuta. Mfuko wa mchanga ukaanguka ukapasuka. Akampiga daktari ngumi ya mdomo, daktari akaanguka kwenye kitanda cha jirani, damu ikimwagikia joho lake jeupe. Watumishi wawili waliingia wakamlalia kifuani. Alimpiga mmoja kichwa cha pua. Tulimfunga kwa mashuka, mikono yote miwili, na mguu uliokuwa umeanza kushika tukausikia ukisogea ndani.

Nilimwomba daktari amchome kitu. Akaniambia hakuna. Akaniambia kwa mdomo unaovimba kwamba dawa ya kisanduku imekalia kiti, na mofini yoyote tutakayomwongezea haitapata pa kukaa. Na kwamba hiyo ya kisanduku itaondoka kabla ile niliyomchoma haijaisha mwilini, kwa hiyo ni lazima mtu akae naye na kuhesabu mpaka jioni. Akanitazama.

"Utakaa wewe," akasema.

Baba alipiga kelele kwa zaidi ya saa mbili. Sauti nzito ya kanisani ilikwisha, akabaki na sauti ya kukwaruza. Mimi nilihesabu. Mama hakuwa wodini. Nilimwona dirishani, ameketi uani kwenye jua, amenipa mgongo.

Baadaye, baba alipokuwa ametulia na pumzi zake zimefika kumi na tano, daktari aliniita chumbani kwake. Alikuwa amejishona mdomo mwenyewe, akijitazama kwenye kioo. Aliniuliza, nami nikamwambia yote, vichupa viwili na dakika tatu. Sikumwambia kuhusu neno la mama. Nilidhani atanifukuza, au atawaita polisi wa mjini. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo.

"Miezi mitatu utaosha sakafu," akasema. "Ukirudi kwenye sindano utahesabu pumzi kwa sauti. Nataka kukusikia nikiwa popote."

Nilihesabu kwa sauti mwaka mzima. Wagonjwa walidhani nasali.

Daktari aliamua kumwachisha baba mofini kabisa. Kwa siku nane nilimhudumia nikiwa na ndoo na ufagio. Mwili wake uliamka kila mahali ulipokuwa umelazwa. Utumbo uliofunga kwa wiki nyingi uliharisha bila kukoma. Pua na macho vilimwagika. Alipiga miayo mpaka taya likalia, ngozi ikamsimama vipele kama ya kuku aliyenyonyolewa, mguu usioumia ukirusha mateke. Alinitukana, akanibembeleza, akaniahidi ng'ombe, akanitukana tena. Siku ya nne alinipiga kwa bakuli la choo, likaniacha na jino lililokatika. Siku ya tisa aliamka mchovu na mwenye akili zake, na nilipokuwa napiga deki chini ya kitanda akazungumza.

"Siku ile hukungoja saa nane."

"Sikungoja," nikasema.

"Ulitaka kuniua?"

Niliendelea kukamua tambara. Nikamwambia sijui. Nikasikia anapumua, na bila kutaka nikajikuta nahesabu. Kisha akasema ile ndiyo mara ya kwanza ameniona nafanana naye. Aliposema hivyo alikuwa kama anacheka. Akaniambia nimgeuze, mgongo unamuuma.

Mguu ulipona kwa kupinda, mfupi kuliko mwenzake. Siku ya kuondoka baba mdogo alikuja na mkokoteni wa ng'ombe. Walimpandisha baba, wakampa fimbo yake, na mama akaambiwa apakie mzigo wake apande. Alikuwa tayari amejitwisha. Alimuaga daktari, akanishika shavu kwa mkono wenye kidole kilichobaki kimepinda, akavuka uwanja na kushika njia ya kwenda stesheni. Baba alimwita. Alipoona hageuki akamtukana, halafu akapiga ubavu wa mkokoteni kwa fimbo mpaka ng'ombe wakaruka. Mama alikuwa amempa upande wa sikio linalosikia. Aliendelea kutembea. Alipanda treni ya Kigoma akashuka Kaliua kwa kaka yake, na hakurudi tena kijijini kwetu hata kwa mazishi.

Baba aliishi miaka kumi na moja zaidi, akitunzwa na dada yake, mwanamke mkubwa aliyekuwa akimrudishia kila pigo. Alikufa kwa homa ya siku mbili. Nilipopata habari walikuwa wamekwisha kumzika.

Mama nilimtembelea kila likizo. Tulizungumza kuhusu mashamba, watoto wa kaka yake, nguruwe wanaovamia mihogo. Mara moja tu aliigusa siku ile. Tulikuwa tumekaa uani kwake tunapepeta kunde, akaniuliza, bila kuinua macho, pumzi zilikuwa zimefika ngapi nilipokimbia.

Nikamwambia tano.

Alitikisa kichwa taratibu, kama anayepima kitu mkononi. Hakusema ni chache wala ni nyingi. Alimimina kunde safi kwenye kapu, akanisogezea ungo mwingine, akaniuliza kama treni ya kesho inapita asubuhi au mchana.